Kupinga kwa Kiingereza: mwongozo kamili wa "object" na jamaa zake

Mpokea wageni wa hoteli ya Nungwi au Paje anatosheka na neno moja la Kiswahili: kukataa. Mgeni amekataa kulipa. Mgeni amekataa kwamba alikunywa soda mbili za kwenye friji. Mgeni amekataa mwaliko wa futari. Mgeni amekataa wazo la meneja. Akiyasema yote manne kwa Kiingereza kwa "refuse", ni la kwanza tu litakalosimama sawasawa. La pili ni kosa la sarufi na la maana, la tatu linamfanya mgeni aonekane hana adabu, na la nne linamwacha msikilizaji anajiuliza kulitokea nini hasa.

Mwongozo huu ni wa wanaokitumia Kiingereza kazini au skuli, Unguja na Pemba, na wanaotaka kupinga bila kukosea neno wala kuudhi mtu wasiyekusudia kumuudhi. Nguzo yake ni "object", kwa sababu ndilo neno linalotumiwa vibaya kuliko yote.

Hatua ya 1: jua unapinga nini

Usianze na kamusi. Ukilitafuta "pinga" utapewa maneno sita yaliyopangwa kama yanalingana, na hayalingani. Anza kwa kujiuliza kilichoko mbele yako ni kitu gani.

Kama ni jambo linalofanyika au linalotaka kufanyika, na wewe unasema hulikubali, neno ni "object". Kama ni mpango, sheria au sera, na msimamo wako ni wa kudumu, ni "oppose". Maoni ya mtu hujibiwa kwa "disagree". Tuhuma hujibiwa kwa "deny". Hesabu, ankara, mpaka wa kiwanja au umiliki huwekewa shaka kwa "dispute". Agizo au ombi la kutenda jambo hukataliwa kwa "refuse", na mwaliko au zawadi kwa "decline". Maombi ya kazi, pendekezo, bidhaa mbovu: "reject". Na kama watu wametoka hadharani kuonyesha hasira zao, hapo ni "protest".

Tofauti moja ibebe kichwani kuliko nyengine zote: "object" ni kusema, "refuse" ni kutotenda. Chukua mfano wa uwanja wa ndege. Tokea tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima ya kwao. Mgeni anayelalamika huku anatoa kadi yake ya benki "objects". Aliyefunga mkoba na kukaa chini "refuses". Karani akiandika "The guest refused" kwa yule wa kwanza, msimamizi atadhani pesa hazikulipwa.

Hatua ya 2: funga "object" na "to", kisha "-ing"

Kwa Kiswahili tunasema napinga uamuzi huu, kitenzi kinashika shamirisho moja kwa moja. Ndipo linapozaliwa kosa la "I object this decision". Kiingereza kinataka "to" katikati: "I object to this decision."

Kosa la pili ni gumu zaidi, na wengi wanalo hata baada ya miaka ya kukisema Kiingereza vizuri. Wanaandika "The guest objects to pay", kwa kuwa wamefundishwa kwamba baada ya "to" kinakuja kitenzi kitupu. Hapa sivyo. "To" ya "object" ni kihusishi, kama "with" au "about", na kihusishi hufuatwa na nomino au kitenzi chenye "-ing". Kwa hiyo ni "The guest objects to paying twice."

Jinsi ya kuzitambua "to" mbili hizi: weka "it" baada yake usikie. "I object to it" ni sentensi nzima, basi kitenzi kitachukua "-ing". "I refuse to it" haisimami, basi ni "I refuse to pay". Jaribio hilohilo linakufaa kwa "look forward to" na "be used to", ambazo nazo zinawaangusha watu wengi kwenye barua za kazi.

Ukitaka kumtaja mtendaji, mweke kati: "They object to him smoking in the dhow." Katika maandishi rasmi wengine hupendelea "his smoking". Zote mbili zinakubalika, usipoteze usingizi hapo.

"Object" inaweza pia kufuatwa na "that", lakini kwa kazi moja tu: kutaja hoja aliyoitoa mpingaji. "She objected that the boat was too small for nine people" maana yake alipinga akisema kwamba mashua ni ndogo kwa watu tisa. Haina maana kwamba alipinga udogo wa mashua.

Nomino yake ni "objection", na kitenzi kinachoandamana nayo ni "raise": "The captain raised an objection." Usiseme "give an objection". Kukubali kwa heshima ni "I have no objection to your coming on Friday", na hapo tena unaiona "to" na "-ing" yake. Mahakamani, wakili husema "Objection!" peke yake, na hakimu hujibu "sustained" akilikubali pingamizi au "overruled" akilitupa. Lile ambalo mawakili wetu huliita pingamizi la awali ni "preliminary objection".

Jihadhari na ndugu wa sura tu. "Objective" ni lengo, au mtu asiyeegemea upande. Hana uhusiano na kupinga. "Objectionable" ni cha kuchukiza, na ni neno zito: ukimwambia mgeni kwamba nguo zake ni "objectionable", umemtukana. Mwambie tu kwamba Mji Mkongwe watu hufunika mabega na magoti.

Hatua ya 3: weka mkazo mahali pake

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Maneno ya Kiingereza ya kupinga mengi yana silabi mbili, kwa hiyo ulimi wetu unaupeleka mkazo kwenye ya kwanza bila kuuliza. Balaa ni kwamba kwa baadhi ya maneno haya, mkazo wa mwanzo ni wa nomino na wa mwisho ni wa kitenzi.

OB-ject ni kitu, ob-JECT ni kupinga. PRO-test ni maandamano, pro-TEST ni kuandamana au kulalamika kwa nguvu. CON-test ni mashindano, con-TEST ni kupinga au kugombea. RE-ject ni bidhaa iliyokataliwa, re-JECT ni kukataa. Na REF-use, yenye "s" kavu mwishoni, ni takataka, ilhali re-FUSE, yenye sauti ya "z", ni kukataa. "Oppose", "deny", "resist", "decline" na "dispute" ukiyapa mkazo wa mwisho hukosei.

Kuna kichekesho hapa. Mtu anayeongeza irabu mwishoni, akasema "objekti", anaupata mkazo sahihi bila kujua, kwa kuwa JEK imekuwa ya pili kutoka mwisho. Anayejitahidi kuiondoa ile irabu ndiye anayeteleza. Dawa ni kusema sentensi nzima kwa sauti, si neno pekee: "I ob-JECT to that OB-ject." Rudia mpaka mdomo uzoee.

Wakati uliopita una jambo lake dogo. Kitenzi kinachoishia kwa sauti ya "t" au "d" huongeza silabi: ob-jec-ted, pro-tes-ted, re-sis-ted. Vyengine haviongezi: "opposed" na "refused" hubaki silabi mbili.

Hatua ya 4: wapange jamaa zake

"Oppose" haina kihusishi. "They oppose the plan", basi. Ukisema "oppose to the plan" umekosea. "To" huingia tu ukitumia umbo la sifa: "They are opposed to the plan", "They are opposed to building there". Hapa ndipo watu huchanganya viwili kuwa kimoja. Upinzani wa kisiasa ni "the opposition", na mpinzani mmoja ni "opponent".

"Disagree" hutaka "with" kwa mtu au maoni, na "about" au "on" kwa jambo: "I disagree with you about the price." Usiseme "I am disagree", kwa kuwa hicho ni kitenzi, si sifa. Pia kuna matumizi yasiyohusu ubishi kabisa. Mgeni wa Forodhani akikwambia "Octopus disagrees with me", hana ugomvi na pweza, ila pweza anamsumbua tumbo. Mpe samaki.

"Complain" ina milango miwili: "to" kwa unayemlalamikia, "about" kwa unacholalamikia. "The passengers complained to the captain about the delay at Mkoani."

"Protest" Waingereza huitumia na "against", Wamarekani hawaweki kitu: "protest against the decision", "protest the decision". Chagua mmoja ubaki naye. Mtego wake ni "He protested his innocence". Hakupinga kutokuwa na hatia. Alishikilia mbele ya watu kwamba hana hatia. Maana hiyo ya kutangaza ndiyo ya asili, na bado ipo magazetini.

"Contest" nayo ina nyuso mbili, na kwa msomaji wa habari za siasa ni muhimu. "Contest a seat" ni kugombea kiti, "contest the result" ni kuyapinga matokeo. Anayesoma haraka anaweza kudhani aliyegombea ndiye aliyelalamika.

Kwa upinzani wa vitendo, historia ya Unguja yenyewe inatosha kufundishia. Wachukuzi wa bandarini waliogoma mwaka 1948 "went on strike". Wafugaji wa Kiembesamaki ambao mwaka 1951 walikataa ng'ombe wao kuchanjwa kwa amri ya serikali ya kikoloni, katika mkasa unaoitwa Vita vya Ng'ombe, "resisted": "They resisted the vaccination of their cattle." Na CUF, chama kilichosusia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, "boycotted the re-run". "Boycott" ndiyo kususia kwetu, na asili yake ni jina la mtu: Charles Boycott, msimamizi wa mashamba huko Ayalandi, aliyetengwa na wapangaji na majirani mwaka 1880. Vitenzi "resist" na "boycott" vyote havitaki kihusishi.

Maneno ya vitabuni kama "demur", "remonstrate" na "cavil" yatambue ukiyaona, usiyatumie. Moja tu lina faida: "take exception to", ambayo si kutoa mtu kwenye orodha, bali ni kuudhika na kauli. "I take exception to that remark" ni onyo.

Hatua ya 5: likate "kataa" vipande vinne

Turudi kwa mpokea wageni wetu.

Amekataa kulipa: "He refused to pay." Baada ya "refuse" ni "to" na kitenzi kitupu. "Refuse" haishiki "that" wala "-ing".

Amekataa kwamba alikunywa soda: "He denied drinking the sodas", au "He denied that he drank the sodas". Kiswahili kina neno la hapa, kukanusha, lakini kwenye mazungumzo twasema kukataa, ndipo inapotoka ile sentensi mbovu ya "He refused that he drank". Ukiwa na "kwamba" au "kuwa" kwenye Kiswahili chako, karibu daima Kiingereza chake ni "deny".

Amekataa mwaliko wa futari: "She declined the invitation." "Decline" ni kukataa kwa shukrani. Anayesema mwenyewe huwa anapunguza zaidi: "Thank you, but I won't be able to come."

Amekataa wazo la meneja: kama yeye ndiye mwenye uamuzi, "She rejected the idea". Kama hana mamlaka, ametoa maoni tu, "She disagreed with the idea".

Hatua ya 6: "mind", neno dogo linalogeuza jibu

Kupinga kwa Kiingereza cha kila siku hakufanywi sana kwa "object". Hufanywa kwa "mind", na hapo wafanyakazi wa utalii ndipo wanapoumia.

Mgeni anauliza: "Do you mind if I sit here?" Maana yake ni je, utachukia nikikaa hapa? Ukijibu "Yes, yes, karibu!" umemwambia utachukia, halafu umemkaribisha. Jibu la ruhusa ni la kukanusha: "No, not at all", au "No, please, go ahead". Likikuchanganya, acha "yes" na "no" zote, useme "Please do".

Ukitaka kumzuia, usiseme "Yes" kavu, kwani ni kali kuliko unavyodhani. Akina mama wanaolima mwani Jambiani na Paje hupigwa picha kila siku na watu waliouliza na wasiouliza. Jibu lenye heshima na lisilo na nafasi ya kujadiliana ni "I'd rather you didn't." Kitenzi kiko katika wakati uliopita, lakini maana ni ya sasa. "I'd rather you don't" utaisikia, ila si ya kuigwa.

"Would you mind" hufuatwa na "-ing", na ndiyo njia bora ya kumzuia mgeni bila kumwaibisha: "Would you mind taking off your shoes?" mlangoni mwa nyumba, "Would you mind not smoking here?" kwenye daladala. Angalia "not" inavyokaa kabla ya kitenzi.

Mtego mwengine uko karibu na huu. Kwa Kiswahili, ukiulizwa "Hukubaliani?", unaweza kujibu "Ndiyo", yaani kweli, sikubaliani. Mwingereza akiuliza "Don't you agree?" na ukajibu "Yes", amesikia kwamba unakubali. Kiingereza hakijali swali limeulizwaje, kinaangalia ukweli wenyewe: unakubali, "Yes, I do", hukubali, "No, I don't". Malizia daima kwa "I do" au "I don't". Maneno mawili hayo yamewaokoa wengi kwenye usaili wa kazi.

Hatua ya 7: pima uzito

Panda ngazi kutoka chini: "I'm not sure that's right." "I don't think that's right." "I'm afraid I disagree." "I object to that." "I strongly object." Mazungumzo ya kazini yaishie ya tatu. Ya nne na ya tano ni za vikao, barua na mahakama. Ukimwambia mgeni "I object" kwa sababu amechelewa chakula cha asubuhi, atadhani mna kesi.

Mambo mawili ya kurekebisha humo. Kwanza, Kiswahili husema nafikiri si sawa, kanusho likiwa mwishoni. Kiingereza hulivuta mbele: "I don't think it's right." Ukisema "I think it's not right" unaeleweka, ila unasikika mkali. Pili, "I'm afraid" haina hofu yoyote. Ni samahani tu. Na "with all due respect", licha ya heshima iliyoandikwa ndani yake, mara nyingi husemwa kabla ya maneno yasiyo na heshima. Iache.

Chombo kinapobisha, yaani kinapopanda kuelekea upepo unakotoka, hakiuendei uso kwa uso. Hukata upande mmoja, kikageuka, kikakata wa pili, na hufika. Sentensi ya kupinga kwa Kiingereza huenda hivyohivyo: kwanza jambo unalolikubali, kisha "but", kisha pingamizi. "I see why you want to swim with them, but the dolphins are resting." Upande wa kwanza lazima uwe wa kweli. Ukisema "Good idea, but..." kila mara, wageni wataanza kuiogopa "good idea" yako.

Na inshaallah ya kukwepa, ile ambayo baina yetu kila mtu anajua ni hapana yenye adabu, haivuki kwenda Kiingereza. Ukimwambia mgeni "Maybe tomorrow, God willing", atakusubiri kesho saa mbili asubuhi na mkoba mgongoni. Sema "I'm afraid we can't do that", umpe njia mbadala hapohapo.

Hatua ya 8: pinga kwa maandishi

Kesi ya kawaida: wakala wa ng'ambo amekata pesa kwenye ankara ya mashua ya Kizimkazi. Barua iwe fupi, yenye mambo manne kwa mpangilio huu: unachopinga, kilichotokea, makubaliano yanasemaje, unataka nini na lini.

"Dear Sir or Madam,

We write to object to the deduction of USD 180 from our invoice of 14 July. The two guests did not cancel. They arrived late, after the boat had waited for one hour. Under our agreement, late arrivals are charged in full. We therefore ask you to pay the balance by 15 August.

Yours faithfully,"

"Object" imetajwa mara moja tu, mwanzoni, na nomino ndiyo iliyofuata "to". Kama tatizo si kukatwa bali kiasi, yaani wao wanahesabu 180 na nyinyi mnahesabu 120, badilisha uandike "We dispute the amount of the deduction", bila kihusishi. Usiandike "we refuse your deduction", kwa kuwa pesa zimeshakatwa na hakuna ulichobakiwa nacho cha kukataa kutenda.

Wanaoandika barua hizi kwa hasira huongeza "strongly", "very" na alama za mshangao. Zitoe. Tarehe, kiasi na kifungu cha mkataba ndivyo vinavyomsumbua mhasibu wa upande wa pili. Ukimjua kwa jina, anza kwa jina lake na umalizie "Yours sincerely". "Faithfully" ni ya "Sir or Madam" tu.